Korongo, mabuu na goli lililoanguka: kisa cha uwanja mmoja wa Lubumbashi

Alama iliyoachwa na mwamba wa goli kwenye matope ilikuwa na kina cha vidole vinne. Niliipima kwa mkono wangu Jumamosi ile jioni, watoto walipokwisha kurudi makwao. Kutoka ukingo wa alama ile hadi mahali kilipokuwa kichwa cha kijana palikuwa na upana wa kiganja kimoja, si zaidi. Uliobanwa ni mkono wake wa kushoto, na mfupa mmoja karibu na kifundo ukavunjika. Ana miaka 11. Kwa wiki tatu kabla ya siku hiyo tulikuwa tumekaa vikao, tumegombana, tumechangishana pesa, na yote hayo yalihusu ndege.

Nieleze kwanza uwanja wenyewe. Uko katika komini ya Annexe, ile inayoizunguka Lubumbashi, mahali ambapo nyumba zinaanza kuachana na mashamba ya mihogo yanaanza kuonekana. Unatumiwa na shule na parokia kwa pamoja, na mimi ndiye ninayeutunza. Nyuma ya goli la kaskazini ardhi inashuka polepole hadi kwenye dembo. Kwa wasomaji wa mbali, dembo ni bonde pana la majani, halina miti, hujaa maji majira ya mvua na hubaki na unyevu hata mwezi wa nane, wakati miombo pande zote imekwisha kuungua. Mahali kama hapo ndipo korongo wanapoishi. Walikuwepo kabla ya shule, kabla ya parokia, na pengine kabla ya mji, ambao ulianzishwa 1910.

Viwanja vingi vya mtaani huku kwetu ni udongo mwekundu: vumbi wakati wa kiangazi, tope mvua ikinyesha. Uwanja wa TP Mazembe kule Kamalondo, uliofunguliwa 2011, una nyasi za bandia. Wetu ni ukoka, tena ukoka uliopandwa kipande kwa kipande na mikono ya wanafunzi kwa misimu mitatu ya mvua. Kila darasa lilikuwa na mstari wake. Kuna mtoto anayeweza kukuonyesha hatua kumi za nyasi alizozipanda yeye akiwa darasa la nne. Nalitaja hili ili ieleweke kwa nini watu walikasirika vile walivyokasirika.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari. Asubuhi moja nilikuta majani mbele ya goli la kaskazini yamefumuliwa, vibonge vimegeuzwa mizizi juu, vingine vimetupwa pembeni. Siku ya tatu nikawaona wenyewe: korongo taji wawili wakubwa, na baada ya siku chache wakawa watano. Asiyewahi kumwona ndege huyu kwa karibu ajue kwamba anafika urefu wa mita moja, ana kishungi cha dhahabu kilichosimama kama ufagio mpya, mashavu meupe, na kifuko chekundu kooni. Akitafuta chakula hupiga ardhi kwa miguu, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayejaribu kama daraja litambeba, na wadudu wakishtuka anawadonoa. Niliwatazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyoniruhusu. Walipiga miguu, wakashika kibonge cha majani kwa mdomo, wakakivuta, nacho kikatoka chote bila kukaza. Kile kitu, kwamba kilitoka bila kukaza, nilikiona kwa macho yangu na sikukiuliza swali.

Kwenye kikao cha komite ya michezo, chini ya mwembe, watu walikuwa kumi na wawili. Mashindano ya vijana yalikuwa yamepangwa mwezi wa tatu. Prezida wa komite akasimama akaonyesha picha kwenye simu yake. Mjumbe mmoja, mtu mwema ambaye amewahi kulipia jezi za watoto kwa pesa yake, akasema: «Tubapatie sumu mu mahindi, biishe.» Mwingine akasema kuna watu mjini wanaotaka ndege kama hao kwa ajili ya kupamba parsele zao kubwa, yaani viwanja vya nyumba zao, kwa hiyo tuwanase, tuwauze, na pesa itengeneze uwanja. Mzee wa mtaa, ambaye sote tunamwita Papa, alikuwa kimya hadi hapo. Akasema: «Ile ndege iko ya mufalme. Hapana kuigusa.» Vijana wakacheka kidogo, kwa heshima.

Sumu iliyokuwa inazungumziwa ni chembechembe za zambarau zinazouzwa kwa kupimwa ili kuua wadudu wa shambani, zile za aina ya karbofurani. Nisimame hapa, kwa sababu najua si kwetu tu zinakotajwa. Dawa hiyo hushambulia mishipa ya fahamu. Kiumbe aliyeimeza hutokwa na mate, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka kisha hulegea, na mwisho hushindwa kuvuta pumzi. Kuku akidonoa hilo hindi, anakufa. Mbwa akimla kuku, anakufa. Ndege aliyekufa akiokotwa na mtu mwenye njaa akapelekwa jikoni, hapo sijui tungesema nini kwa familia yake. Tena uwanja huu watoto wanauchezea peku, wanakaa chini, wanakula embe kwa mikono ileile waliyoishika nayo ardhi. Kumwaga karbofurani pale kungekuwa kuiweka kwenye sahani zao.

Na kuna sheria. Baba wa mmoja wa wachezaji wetu wadogo anafanya kazi ya uhifadhi, amekaa miaka kwenye mabwawa ya upande wa Upemba, nasi tukamwita kwenye kikao cha pili. Alikuja na nguo zake za kazi, akakaa, akaeleza bila kumtisha mtu. Korongo taji yumo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao nchi yetu ya Kongo iliuingia 1976, kwa hiyo kumuuza nje bila kibali ni kuuvunja mkataba huo. Ndani ya nchi kuna Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa viumbe na mazingira yao, na inayohusika ni ICCN, taasisi ya serikali ya uhifadhi. Tangu 2012 ndege huyu amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka: katika muda wa vizazi vitatu vya korongo, yaani miaka kama arobaini na mitano, zaidi ya nusu yao wamekwisha. Akataja sababu: madembo yanakaushwa yalimwe, makinda yanakamatwa yauzwe, nyaya za umeme zinawavunja mabawa, na watu wenye mashamba wanawawekea sumu. Alipofika kwenye sumu, mjumbe wetu aliinama akatazama viatu vyake. Sikufurahi kumwona hivyo, kwa sababu alikuwa amesema tu jambo ambalo wengi wetu tulilifikiria.

Tuliachana na sumu. Hilo lilikuwa uamuzi mzuri na nitausimamia siku zote. Lakini nikiusoma leo muhtasari wa vikao vile viwili, kurasa saba za daftari, ndege wanatajwa kila ukurasa. Neno «goli» linaonekana mara moja tu, katika mstari wa mwisho kabisa: «Magoli ya watoto yahamishwe ili upande wa kaskazini upumzike.» Haikuandikwa nani atahamisha. Haikuandikwa vipi.

Tuna magoli mawili ya kuhama, ya watoto, upana mita 5 na urefu mita 2. Yalichomelewa na fundi wa mtaani, kazi safi, sina lawama naye. Mahali pake pa zamani kila goli lilikuwa limeshikwa chini kwa nondo nne zilizokunjwa kichwa, za milimita 12, zilizopigwa kwa nyundo juu ya bomba la nyuma. Alhamisi baada ya masomo vijana wanane waliyabeba wakayaweka kwenye mistari ya pembeni, ili watoto wacheze kwa kukatisha uwanja upande wa kusini. Mimi nilikuwepo. Niliwaonyesha pa kuyaweka, nikahesabu hatua, nikasema asanteni. Mawazo yangu yalikuwa kwenye ule udongo uliofumuliwa, na jinsi nitakavyopata vibonge vya ukoka vya kuziba.

Jumamosi mazoezi yalikwisha saa nne. Kocha alikuwa anakusanya mipira. Mtoto akaruka, akashika mwamba kwa mikono miwili, akajirusha mbele kama watoto wote wa dunia hii wanavyofanya wakikuta kitu cha kuning'inia. Rafiki yake anasema goli «lilimfuata». Hakuna neno nililolisikia tangu siku ile linaloeleza vizuri zaidi.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, nilikwenda mahali magoli yalipokuwa zamani. Nondo zote nane zilikuwa bado zimesimama kwenye majani, vichwa vyake vimekunjwa vizuri, na hakuna zilichokuwa zimekishika.

Kwa nini goli lenye uzito wa kilo karibu 70 linaangushwa na mtoto wa kilo 35? Wazazi wengi waliniuliza hivyo, na wengine hawakuamini, walidhani watoto walikuwa wengi. Nilichukua utepe wa kupimia na karatasi, na naomba msomaji anayesimamia uwanja wowote afanye hesabu hii kwa goli lake.

Nguzo mbili na mwamba ni bomba nene, kipenyo milimita 76, unene wa chuma milimita 3. Bomba la namna hiyo lina uzito wa kilo kama 5.4 kwa mita. Jumla ya mita 9 za mbele ni kilo 49 hivi. Fremu ya nyuma ni bomba jembamba: lile la chini linalolala kwenye nyasi, mawili ya pembeni, na mawili ya mshazari yanayoshuka kutoka juu. Yote hayo pamoja ni kilo 18. Sasa goli likiwa linaanguka mbele, linazunguka kwenye miguu ya nguzo. Zile kilo 49 za mbele zimesimama juu ya miguu hiyo hasa, kwa hiyo hazisaidii kulizuia hata kidogo. Kinachozuia ni kilo 18 za nyuma peke yake, ambazo kwa wastani ziko sentimita 85 kutoka kwenye nguzo. Zidisha: 18 mara 0.85 ni kama 15. Mtoto wa kilo 35 aliyening'inia wima bila kutikisika anatoa sifuri, na ndiyo maana siku nyingi hakuna kinachotokea na watu wanazoea. Akijirusha mbele, mwili wake ukatoka sentimita 45 tu mbele ya mwamba, 35 mara 0.45 ni zaidi ya 15. Goli linaanza kulala. Na likianza, zile kilo 49 nazo zinavuka mbele ya miguu na kujiunga na kuanguka. Kilichokuwa hakizuii sasa kinasukuma. Mtoto yuko chini yake, chali, mikono juu.

Upande wa pili wa hesabu ni mwepisi mpaka unauma. Magunia mawili ya mchanga, kilo 50 kila moja, yakiwekwa juu ya bomba la nyuma lililo sentimita 120 kutoka nguzo, yanaongeza 120 kwenye ile 15. Watoto watatu wangejirusha kwa pamoja na goli lisingeinuka. Mchanga wa mto tunao. Magunia matupu yalikuwa yamekunjwa stoo, hatua arobaini kutoka pale.

Kanuni ya kwanza kabisa ya mchezo wa mpira, ile inayoeleza uwanja, inasema magoli lazima yafungwe imara ardhini, na ya kuhama yaruhusiwe tu yakitimiza sharti hilo. Nimeisoma mara nyingi kwa ajili ya vipimo, mita 7.32 kwa 2.44, na kwa ajili ya chaki. Nchini Marekani tume ya serikali ya usalama wa bidhaa imeandika vifo zaidi ya 20 vya namna hii tangu 1979, karibu vyote vya watoto na vijana, karibu vyote kwa goli la kuhama lisilofungwa. Huku kwetu ajali za aina hiyo zinabaki midomoni mwa majirani.

Mama wa kijana alikuja Jumatatu. Nilimpa kiti, akakataa. Alisimama mbele yangu na mbele ya mupe, yaani padri wa parokia, akasema kwa sauti ya chini: «Mulikuwa munachunga majani. Mwana wangu, nani alikuwa anamuchunga?» Nikamwambia, Mama, nilipaswa kuwa mimi. Sikuwa na neno lingine na sijalipata hadi leo. Parokia ililipa plasta na dawa, kama ilivyopaswa.

Siku hiyohiyo ya Jumatatu, mchana, nilifanya jambo ambalo ningelifanya wiki tatu nyuma kama ningelifuata lile nililoliona. Nilichukua sepetu, nikakata vipande vya majani vya sentimita 30 kwa 30, kina cha sentimita 10, sehemu mbalimbali. Mbele ya goli la kaskazini majani yalibanduka kama mkeka, bila mzizi hata mmoja chini. Ndani ya udongo walikuwa mabuu weupe, wanene, waliojikunja kama herufi C, vichwa vya rangi ya kahawia: watoto wa mende wa mbolea na majani, si wale wa jikoni. Nilihesabu 11, kisha 9, kisha 14. Katikati ya uwanja nilipata 2. Watunza viwanja huanza kuhofia wakipata kati ya 5 na 10 kwa kipande kama hicho. Mabuu hawa ndio waliokuwa wamekula mizizi tangu mwezi wa kumi na mbili. Ukoka ulikuwa umekwisha kufa ukiwa bado kijani, mvua ikiufichia siri. Korongo walikuja kula mabuu, na kwa kuvuta wakatuonyesha kilichokuwa kimeoza chini.

Hata matundu madogo, yale ya unene wa kalamu na kina cha kidole, ambayo tuliyaandika kwenye muhtasari kuwa ya korongo, hayakuwa yake. Mdomo wa korongo taji ni mfupi, hauwezi kutoboa hivyo. Ni ya kwarara, yule ndege wa rangi ya majivu mwenye mdomo mrefu uliopinda ambaye hulia kwa kelele alfajiri akipita juu ya paa. Kwarara hakuna aliyemtaja kikaoni kwa sababu hana taji na hakuna aliyempiga picha.

Nikajiuliza kwa nini mabuu walikuwa wengi upande ule tu. Jibu lilikuwa juu ya mlingoti. Mwaka jana tulipata taa ya sola, nyeupe, kali, ya ulinzi wa stoo, nayo inamulika kona ya kaskazini usiku kucha. Mvua za kwanza zikinyesha, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mende wanatoka ardhini na kuifuata taa. Chini ya taa wakakuta nini? Samadi ya ng'ombe mbichi ambayo mimi mwenyewe niliimwaga mwezi wa tisa ili majani ya mbele ya goli, yanayokanyagwa kuliko mengine, yapate nguvu. Udongo laini, wenye joto, wenye chakula, wenye maji ya pampu. Mende alitaga mayai mahali nilipomtandikia.

Sisemi kwamba tungejua haya mapema goli lisingehamishwa. Pengine tungelihamisha vilevile, kwa sababu kona ile ilihitaji kupumzika. Ila tungekuwa tunafanya kazi ya bustani ya kawaida, kwa utulivu, mtu mmoja na sepetu, mwingine na nyundo ya nondo. Tulikuwa badala yake na adui mwenye mabawa mbele yetu, na mkutano mzima ulitazama juu.

Upande wa nyasi tulifanya hivi. Wanafunzi walibandua majani yote yaliyokufa, eneo la kama mita 14 kwa 9, na mabuu wakaokotwa kwa mikono: ndoo tatu, zikaenda kwa kuku wa masista. Udongo uligeuzwa na kuachwa wazi siku nne, na kwa siku hizo nne korongo na kwarara walikuja kila asubuhi wakafanya kazi ambayo hakuna dawa ingeifanya bila kuacha madhara. Nilikaa mbali na kuwatazama. Baadaye tukapanda vibonge vipya vya ukoka, tukashindilia kwa pipa lililojaa maji, na kwa wiki tatu za mwanzo watoto wawili wakubwa walipita pale alfajiri wakitembea tu polepole na bendera ya kona mkononi. Makopo, kanda za kaseti na sanamu za matambara korongo anazizoea baada ya siku mbili tatu. Mtu anayetembea hamzoei haraka. Anaondoka bila hofu, anarudi dembo. Taa sasa inawaka tu mtu akipita. Samadi inalala kwenye rundo miezi mitano kabla ya kufika uwanjani. Na ukanda wa hatua kumi nyuma ya goli, unaopakana na dembo, hatuukati tena. Majani yamesimama, na ndege wana mahali pa kusimama pasipo mstari mweupe.

Kabla ya kuwasha mashine ya kukata nyasi, watu wawili wanavuka uwanja kwa mstari wakiokota. Udongo uliogeuzwa hutoa mawe, na kisu cha mashine kinalirusha jiwe kama risasi.

Upande wa chuma ndio niliotumia muda mrefu zaidi. Mvua ya Februari inalainisha ardhi hii mpaka nondo iliyopigwa wima inatoka kwa kuvutwa na mkono mmoja; nilijaribu, ikatoka. Kwa hiyo nondo sasa ni ndefu, sentimita 90, zinapigwa kwa mshazari, na hazitegemewi peke yake: kila goli lina magunia mawili ya mchanga yaliyofungwa kwa mnyororo kwenye bomba la nyuma. Goli lisilotumika linalazwa kifudifudi, mwamba chini, na kufungwa kwa kufuli kwenye uzio. Funguo ni mbili, moja kwangu na moja kwa kocha. Mtoto habebi goli tena, hata akiomba. Vile vindoano vya chuma vya kushikia nyavu, ambavyo vinaweza kung'oa kidole chenye pete, nimevikata vyote na msumeno na kuweka kamba. Kila Jumamosi kabla ya mpira wa kwanza, watu wazima wawili wanafunga kamba katikati ya mwamba na kuvuta mbele kwa nguvu zao zote. Goli likiinua kisigino, hakuna mazoezi. Jina la waliovuta linaandikwa daftarini, na saa.

Mashindano yalichezwa mwezi wa nne badala ya wa tatu. Kijana alikuja, plasta imetoka, mkono bado mwembamba kuliko mwenzake. Aliomba kushika ile kamba. Nikamtazama mama yake, akaitikia kwa kichwa, nami nikampa nafasi ya mbele, kati ya kocha na mimi. Alivuta kwa mkono wa kulia.

Linalonisumbua sasa ni goli kubwa la kusini, lile la kudumu, lililochimbiwa. Nilikwangua rangi kwenye mguu wa nguzo ya kushoto, pale chuma kinapoingia ardhini, na bisibisi ikaingia ndani ya kutu karibu nusu sentimita. Nimelifunga kwa kamba nyekundu na kumwandikia prezida wa komite. Kikao ni Jumatano, na safari hii nimeomba goli liwe jambo la kwanza kwenye ajenda.